Meli Iliyokuja kwa Mizigo 3,481

Mwaka 1899, katika karakana ya Alley & McLellan mjini Glasgow, mafundi wa Kiskochi waliunda meli ya chuma kwa ajili ya Ziwa Nyasa, kisha wakaifumua. Kila bamba na kila bomba likafungwa peke yake. Ilitoka mizigo 3,481. Ikavuka bahari, ikapanda Zambezi na Shire, na pale maporomoko yalipoziba njia ikapanda vichwani na mabegani mwa watu. Boila halikubebeka, mamia ya Wangoni walilivuta kwa kamba, nchi kavu, kwa wiki kadhaa. Mwaka 1901 meli ikashushwa majini ikiwa nzima, ikapewa jina la Chauncy Maples, askofu wa misheni ya UMCA aliyezama katika ziwa hilohilo mwaka 1895.

Meli hii hunijia akilini kila ninaposoma kwamba nchi fulani ya jirani imezindua kiwanda cha simu. Utepe unakatwa, kiongozi ananyanyua kisanduku, magazeti yanaandika kwamba sasa tunatengeneza simu. Mimi naona mizigo 3,481. Kioo kimetoka Uchina, chipu Taiwan, kumbukumbu Korea Kusini, boksi lenyewe limechapishwa Shenzhen. Kilichofanyika hapa ni kukaza skrubu, kuwasha kuona kama inawaka, na kubandika nembo. Waliovuta boila la Chauncy Maples walifanya kazi ngumu kuliko hiyo, na hakuna aliyewaita waunda meli.

Kiswahili kinatusaidia kidogo hapa, kisha kinatutatiza. Tuna kuunda, kama mtu anavyounda jahazi tangu mkuku hadi mlingoti. Tuna kuunganisha. Halafu tuna kutengeneza, neno linalobeba mambo mawili kwa mkupuo: fundi anayetoa kitu kipya anatengeneza, na anayekifufua kilichokufa naye anatengeneza. Zamani niliona huo ni upungufu wa lugha. Nimebadilisha mawazo, na aliyenibadilisha ni kijana mmoja wa pale stendi ya Mbinga, kusini mwa Tanzania.

Meza yake haifiki mita moja. Juu yake kuna blowa, kibano, mswaki uliochakaa, kichupa cha spiriti na kopo la maziwa ya unga lililojaa simu zilizokufa, ambazo ndizo ghala lake la spea. Msimu wa kahawa ulikuwa umepamba moto. Alikuja mama mmoja ameifunga simu kwenye kona ya khanga. Ilikuwa imetumbukia kwenye beseni la kuoshea kahawa.

"Mmeifukia kwenye mchele?"

"Siku mbili, mwanangu."

"Mchele pika, mama. Simu niletee siku hiyohiyo."

Akaifungua. Unga mweupe wa mchele ulikuwa umegandamana kwenye tundu la chaji kama uji uliokaukia sufuriani. Akaitoa bodi, akaisugua kwa mswaki na spiriti, akaikausha kwa blowa, akaichungulia kwa lenzi. Njia moja ya shaba ilikuwa imeliwa na kutu. Akafungua simu yake mwenyewe, akatafuta mchoro wa saketi wa toleo lile, akaonyesha kwa ncha ya kibano umeme unapotoka na unapotakiwa kufika, kisha akaruka pale palipokatika kwa jampa: unywele wa shaba alioutoa kwenye spika mbovu. Sistimu ya chaji akabadilisha kabisa. Dakika arobaini. Simu ikawaka, na ujumbe wa pesa za kahawa uliokuwa ukisubiri ukaingia kwa mlio wa kuku. (Mlio huo si mzaha wangu, ndivyo mama alivyouchagua.)

Sasa mfananishe kijana huyu na mfanyakazi wa kiwanda cha kuunganisha. Kwenye mstari wa kiwanda mtu hupewa tendo moja, pengine la sekunde chache, analirudia maelfu ya mara kwa zamu. Hahitaji kujua umeme unatoka wapi, na kiwanda hakitaki ajue, kwa sababu anayejua ni ghali na anaweza kuondoka na ujuzi wake. Yule wa stendi anajua simu nzima, ingawa hajawahi kuona kiwanda.

Tatizo la viwanda vya kuunganisha liko kwenye hesabu. Mwaka 2010 wachumi wawili, Yuqing Xing na Neal Detert, waliichambua iPhone 3G kipande kwa kipande. Gharama yake yote ya kiwandani ilikuwa dola 178.96. Sehemu ya kuunganishwa nchini Uchina, yaani ile kazi iliyojaza mabweni ya Foxconn kwa malaki ya vijana kutoka vijijini, ilikuwa dola 6.50. Zilizobaki zilikwenda Japani, Ujerumani, Korea Kusini, Marekani na kwingineko kulikotengenezwa vipuri. Na hiyo ni kabla ya duka, ambako faida nono ilirudi kwa mwenye jina na mchoro. Stan Shih, mwanzilishi wa Acer ya Taiwan, alikuwa ameshalieleza hili mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa mchoro wa tabasamu: ncha moja juu ni ubunifu na vipuri, ncha ya pili juu ni jina na soko, na chini katikati, kwenye mdomo wa chini, ni kuunganisha.

Mkulima wa Mbinga analijua tabasamu hilo bila kuonyeshwa. Kahawa yake inakobolewa mjini hapohapo, inapangwa madaraja, inaondoka ikiwa buni mbichi. Japani ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Tanzania, na huko arabika yetu, isipokuwa ile ya Bukoba, huuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Mtu anayepalilia miche yake kwenye miteremko ya Umatengo, na ambaye huenda asiuone mlima huo maisha yake yote, analipwa bei ya buni. Anayeuza jina anachukua lililobaki.

Basi kwa nini kila serikali bado inakitaka kiwanda cha kuunganisha? Kwa sababu kuna waliopitia mlango huohuo wakafika mbali, na hapa ndipo mjadala wetu unapokosa subira.

Kampuni ya Fairchild ya Marekani ilifungua kiwanda Hong Kong mwaka 1963, ikawa ya kwanza kupeleka kazi ya kufunga transista ng'ambo, mikononi mwa wasichana wenye macho makali na mishahara midogo. Mwaka 1966 Taiwan ikafungua ukanda wa kuzalisha bidhaa za kuuza nje huko Kaohsiung. Mwaka 1972 Penang, Malaysia, ikapokea kundi la kwanza la kampuni za kigeni, Intel ikiwemo. Katika miaka hiyohiyo sisi hatukuwa tumelala. Katikati ya miaka ya 1960 Wajapani wa Matsushita walijenga kiwanda Dar es Salaam, na betri za National zikaenea hadi maduka ya vijijini kabisa. Arusha kulikuwa na Philips iliyounganisha redio. Kiwanda kilikwenda, jina likabaki, mpaka leo kondakta wa daladala Arusha anaita "Philips!" na abiria vijana wanashuka bila kujua kwamba wanashukia kwenye kumbukumbu ya redio.

Penang na Arusha zilianza na kazi inayofanana: sehemu za mtu mwingine, mchoro wa mtu mwingine, mikono yetu. Leo Malaysia inafanya takriban asilimia 13 ya kazi ya dunia ya kufunga na kupima chipu. Arusha ina kituo cha daladala.

Maelezo ya kawaida ni siasa: wao walifungua milango, sisi tuliifunga. Ukweli upo humo. Kiwanda cha Arusha kiliishi kwa kuuza ndani, na fedha za kigeni zilipokauka mwishoni mwa miaka ya 1970 vipuri vikakauka nazo. Kiwanda kisicho na kipuri ni godauni lenye saa ya ukutani. Penang waliuza nje, kwa hiyo dola zilijileta zenyewe. Lakini kuna jambo la pili ambalo huwa halisemwi. Kando ya viwanda vya Penang zilichipuka karakana ndogo za wenyeji. Mashine ikiharibika, meneja hakungoja kipuri kitoke California; alikipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili akichonge. Fundi akachonga, kesho akachonga kilicho bora zaidi, mwaka uliofuata akaanza kuunda mashine nzima. Waliochukua ujuzi walikuwa wale wa nje ya geti, waliokuwa wakitengeneza kwa ile maana ya kufufua.

Shenzhen nayo ina hadithi ya aina hiyo, na ncha yake ya pili iko mfukoni mwako. Jiji lile lilitangazwa ukanda maalumu wa kiuchumi mwaka 1980. Foxconn, ambayo kule Taiwan ilianza mwaka 1974 kwa vitufe vya plastiki vya televisheni, ilifika huko mwaka 1988. Lakini ukitaka kuielewa simu iliyopo Mbinga, usianze na Foxconn. Anza na soko la Huaqiangbei, vibanda juu ya vibanda vya vipuri, ambako mafundi walifufua, wakanakili, kisha wakaanza kubuni. Miaka ya 2000 kampuni ya MediaTek ya Taiwan ikaanza kuuza chipu pamoja na karibu kila kitu kinachohitajika kuizunguka. Ghafla karakana ya watu wachache ikaweza kutoa simu. Ndizo zilizotufikia tukaziita "Mchina": laini mbili, spika ya kutikisa bati, tochi, nyingine na antena ya televisheni. Tulizicheka, lakini walioziunda walikuwa wamesikiliza shida zetu kuliko kampuni kubwa za Ulaya zilizodhani kila mtu ana laini moja na umeme usiokatika.

Transsion, mama wa Tecno, itel na Infinix, ilizaliwa mwaka 2006 katika mazingira hayo. Ikaamua kutouza kwao, ikaja Afrika, ikazipa kamera zake macho ya kuona ngozi nyeusi, ikaziwekea betri za kudumu. Mwaka 2011 ikaanza kuunganisha simu Ethiopia, na mwaka 2019 ikaingia soko la hisa la Shanghai. Wenye simu za kunakili tu hawakusalimika. Kwetu mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizizima simu bandia Juni 16, 2016, baada ya miezi ya watu kubonyeza *#06# na kutuma namba ndefu kwenda 15090, wengine wakiwa na hofu kama wanaosubiri majibu ya mtihani. Za Mchina zilizobaki hewani zilikuwa za wale waliopanda kutoka kunakili hadi kubuni.

Jirani zetu wamejaribu njia ya mkato. Mwaka 2019 Mara Phones ilifungua kiwanda Kigali, na mwezi uleule kingine Durban. Simu zilikuwa za dola 130 na 190, wakati sokoni simu janja ya Mchina ilipatikana kwa chini ya nusu ya hapo. Kufikia mwaka 2022 mitambo ya Durban ilikuwa inapigwa mnada. Kenya walijifunza kitu: kiwanda cha Athi River, kilichozinduliwa Oktoba 2023, kinawahusisha Safaricom na Jamii Telecommunications pamoja na washirika wa Shenzhen, na simu zake za mwanzo zilianzia shilingi 7,499 za Kenya. Mwenye kiwanda hiki ana mtandao, ana maduka, ana wateja tayari. Ameishika ile ncha ya tabasamu iliyo upande wa soko. Huyu anaweza kudumu. Hata hivyo mimi sitapima mafanikio yake kwa simu zinazotoka getini. Nitauliza nani Athi River amepata kazi ya kuchonga, kufinyanga plastiki au kurekebisha mashine za kiwanda kile, na kama baada ya miaka kumi huyo ameajiri wenzake.

Turudi ziwani. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kama kilomita 67 za kuteremka kutoka kwenye baridi ya Umatengo hadi kwenye joto la ufukweni, imekwisha. Bandari mpya ya Mbamba Bay inajengwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 75. Kuna mpango wa reli ya takriban kilomita 1,000 kutoka Mtwara. Pamoja na hayo yote yamekuja mazungumzo ya ukanda wa viwanda, na si ajabu nikasikia mtu akitamka neno simu. Ningemshauri kwanza akaulize kipuri kinafikaje Mbinga. Kinanunuliwa Kariakoo, kinafungwa kwenye bahasha ya kaki, kinakabidhiwa kwa kondakta wa basi, kinasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Songea. Fundi analipia kabla hajakiona. Kikifika feki, na mara nyingi ni feki, hasara ni yake. Nyuma ya bahasha hiyo kuna biashara kubwa kuliko kiwanda chochote cha kubandika nembo: vioo, betri, sistimu za chaji, kwa Mbinga, Nyasa, Songea na ng'ambo ya ziwa hadi Malawi na Msumbiji. Ghala la vipuri halali, lenye kipimo cha ubora na haki ya kurudisha kibovu, lingefanya kazi zaidi ya utepe kumi.

Na kuna kufuli. Simu mpya zinazidi kufungwa kwa gundi badala ya skrubu, na baadhi zinakataa kioo au betri isiyotambuliwa na programu zake hata kama ni halisi, imetoka kwenye simu pacha. Maana yake ni kumfungia nje fundi wa stendi. Umoja wa Ulaya umeliona hilo. Tangu Juni 20, 2025 kampuni inayouza simu janja huko inalazimika kuwa na vipuri muhimu kwa miaka saba baada ya toleo kuacha kuuzwa. Sisi, tukiwa Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye nchi nane zinazonunua kwa wingi kutoka kwa watengenezaji walewale, tungeweza kudai lilelile kesho asubuhi bila kujenga ukuta hata mmoja. Badala yake fundi anapotajwa na mamlaka, hutajwa kwa leseni: amejisajili au hajajisajili. Leseni sawa. Lakini nimekutana na mafundi wenye miaka kumi ya meza ambao chuo kingewapokea kama wasiojua kitu, waanze na somo la nadharia ya waya na balbu.

Mwambao huu wenyewe una ushahidi wa ninachosema. Agosti 13, 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia kwa mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen. Vitabu vinapenda kisa hicho kwa sababu kinahesabiwa kuwa pambano la kwanza la meli katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na kwa sababu nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita imeanza. Mimi napenda jambo dogo ndani yake: meli ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Nayo ilikuwa imekuja vipande vipande, kutoka Hamburg. Kwa hiyo Liuli ilikuwa na mahali pa kupandisha meli, na watu wa kushika nyundo. Baada ya vita Waingereza waliitengeneza tena, wakaipa jina la King George V, ikarudi kazini.

Mwaka 2017 meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya tani 1,000, zilishushwa majini upande wa Kyela. Zimeundwa Itungi na Songoro Marine, kampuni ya Kitanzania iliyokulia Mwanza. Injini zimetoka nje. Lakini safari hii waliokata na kuchomelea bamba la chuma pale ufukweni ndio haohao wanaoitwa mashine ikigoma.

Mara ya mwisho niliposhuka Mbamba Bay giza la mwezi lilikuwa limeingia, na ziwa lilikuwa limejaa taa za wavuvi wa usipa. Zamani zilikuwa karabai, zikiunguruma na kunuka mafuta ya taa. Sasa ni taa za LED, zimetoka Uchina, zimeungwa kwenye betri la pikipiki. Asubuhi, watu wakianika usipa kwenye vichanja, nilimkuta kijana amepakata taa moja iliyozima usiku, mfuniko kaukalisha kwenye mchanga usipotee na skrubu nne ndani yake. Safu nzima ya vijitaa ilikuwa imekufa kwa sababu ya kimoja. Alikuwa ametia ncha ya bisibisi kwenye makaa ya mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo hatua chache kutoka pale. Ncha ilipowiva akayeyusha risasi, akakiondoa kile kibovu, akaziba pengo kwa kipande cha waya. Kisha akagusisha kwenye betri. Jua lilikuwa kali mno, hakuona kitu. Akainama, akaifunika taa kwa kiganja na kuchungulia ndani ya kivuli cha vidole vyake.

"Imewaka?" nikamuuliza.

"Subiri, mzee, jua," akasema, akavuta khanga iliyoanikwa kwenye kamba akajifunika nayo kichwa pamoja na taa.